Mwizi wa Sabuni na Wasomaji wa Ngamiani

Muuaji wangu wa kwanza alikamatwa na wasomaji kabla ya polisi. Nilimpa gari, nikamtorosha kutoka Tanga mjini kwenda Horohoro mpakani, Jumapili jioni, vioo viko chini, vumbi nyuma. Nilijiona fundi. Kijitabu cha hadithi hiyo kilipotoka, dereva mmoja wa lori akaja hadi mezani kwangu, kwenye kiwanda cha uchapaji, amekikunja mkononi.

"Dada, huyu mtu wako petroli kaipata wapi? Halafu Jumapili jioni gari za binafsi haziruhusiwi barabarani. Kizuizini kapitaje? Kama kuna njia tuambie na sisi."

Nyuma yangu Mzee Hamadi alicheka mpaka akashika meza. Yeye ndiye aliyekuwa mpanga herufi wetu, Mpemba wa Wete aliyehamia Tanga ujanani. Alipokuwa akiipanga hadithi ile alikuwa ameniuliza swali lilelile, nami nikamjibu kwamba hadithi ni hadithi tu. Dereva alipoondoka, mzee akaniambia, "Mwana'ngu, mtu wa hadithi naye hupanga foleni kama sisi."

Nyinyi vijana mnaonijia nyumbani na kuniuliza adui wa hadithi ya upelelezi anatengenezwaje, dalili zinafichwa wapi, stelingi aingie ukurasa wa ngapi, nawajibu kwa maswali ya Mzee Hamadi. Kila mhalifu niliyempelekea alimuuliza hivi: kaingiaje, katokaje, kapata wapi? Mawili ya kwanza mtayakuta popote hadithi za namna hii zinapoandikwa. Hilo la tatu ni letu, la miaka ile ya shida, bidhaa zilipoadimika madukani, na ndilo lililonifundisha kazi.

Maana miaka ile, wanangu, kila kitu kilikuwa dalili. Nikiandika kwamba mtu kawasha sigara kwa kiberiti chake mwenyewe, badala ya kuomba moto kwa jirani, msomaji anakaa sawa kwenye kiti. Mgeni akikaribishwa chai ikawa tamu, basi mwenye nyumba ana jambo. Tochi inayowaka, kanga isiyopauka, baiskeli yenye tairi mpya: sikuhitaji damu wala bastola. Hadithi moja nzima niliijenga juu ya mwanamke aliyekaanga samaki kwa mafuta siku tatu mfululizo. Watu waliisoma huku wakimeza mate, na sijui kama walikuwa wakimtafuta muuaji au hayo mafuta.

Soko huria lilipokuja likaniulia dalili zangu zote kwa mpigo. Sabuni zikajaa, sukari ikajaa, mitumba ikafunguliwa barabarani, maskini na tajiri wote wakavaa suruali za kutoka rundo lilelile. Nikakaa mbele ya taipureta sina la kuandika. Ilibidi nijifunze upya, nimtafute mhalifu katika maneno yake: nani amejibu kabla hajaulizwa, nani amenyamaza jina fulani lilipotajwa. Ni kazi ngumu zaidi, na nadhani ndiyo mnayoiweza nyinyi.

Lakini narudi nyuma kidogo, kwenye sabuni. Hadithi hiyo ya mwizi wa sabuni hainitoki.

Tulikuwa katika kiwanda kidogo cha uchapaji, Ngamiani, mlango mmoja na dirisha moja. Mwenyewe alikuwa Bwana Twalibu, mtu wa maneno mengi, anayetembea huku anavaa viatu. Kazi yetu ya kutupa ugali ilikuwa kadi za harusi na vitabu vya stakabadhi. Mimi niliajiriwa kupiga chapa kwa taipureta. Vijitabu vya upelelezi tulivichapa kwa mabaki ya karatasi, pale yalipopatikana, na ndiyo maana hadithi ya sabuni ilikatwa vipande viwili. Msidhani ni ufundi. Karatasi iliisha katikati. Bwana Twalibu akatazama rundo lililobaki, akasema, "Ikate hapo hapo, uandike: mwizi ni nani? Jibu linakuja." Watu wakaipenda kuliko zote.

Ilikuwa hivi. Katika kijiji cha pwani nilichokitunga, nikikumbuka Kigombe kwa bibi yangu, katoni ya sabuni ya mche inapotea usiku kutoka duka la ushirika. Kijiji kizima kinafua kwa majani ya mpapai, kama tulivyofua wote. Mpelelezi wangu, Koplo Sefu, anaitwa. Wanaoshukiwa ni wachache: mvuvi mwenye madeni, mwalimu mgeni, katibu wa ushirika, na Mhindi mzee mwenye duka, anayetembea kwa bakora, ambaye tangu sabuni ipotee amefunga duka lake na hafungulii mtu.

Mwizi alikuwa katibu. Nilikwisha kumweka wazi ukurasa wa nne, mbele ya macho ya kila mtu. Na hapa chukueni hili: dalili ya kweli ifiche mahali msomaji anapocheka. Nilimleta mbuzi mkutanoni, akatafuna karatasi za hotuba ya katibu, watu wakamkimbiza, katibu naye akamkimbiza, kanzu yake nyeupe pepepe ikipepea kati ya watu wenye nguo za rangi ya mpapai. Nikaendelea na mbuzi. Hakuna aliyesimama kwenye kanzu.

Yule mwenye duka alikuwa njia ya uongo, ya kumpotezea msomaji. Alifunga mlango kwa sababu alikuwa akifunga mizigo ahame, na aliona haya kuwaaga majirani aliozaliwa nao. Hilo lingejulikana sehemu ya pili.

Wiki ile kijitabu kilisomwa kila mahali. Kwa kinyozi, kwenye kahawa, kwenye foleni ya unga, mmoja anasoma kwa sauti na ishirini wanabisha. Na mtaani kwetu kulikuwa na duka la Mzee Yusufali. Mhindi, mzee, ana bakora. Sikumchora yeye. Wazee wenye bakora Tanga hii walikuwa wengi, na yule wangu nilimtoa Kigombe, kwa mtu aliyekufa nikiwa mtoto. Lakini Mzee Yusufali alikuwa mgonjwa siku hizo, na duka lake lilikuwa limefungwa.

Kwanza ilikuwa mzaha. Vijana wakipita wanagonga mlango: "Babu, toa sabuni!" Halafu mzaha ukaota meno. Ndiyo miaka ile ya msako wa walanguzi, watu wamechoka, kila mtu anataka kumjua aliyemnyima. Nilipita pale asubuhi moja nikakuta ubao wa dirisha umeng'olewa na watu wamesimama tu, hawanunui, hawaondoki.

Shirini, mkwe wake, akaja kiwandani. Nilimjua kwa kusalimiana. Alisimama mlangoni, mtandio ameushika chini ya kidevu.

"Bi Zuhura, baba hatoki chumbani. Hali chakula. Mgambo wamepekua mpaka pipa la mchele, hawakuona kitu. Sasa watu wanasema, basi kaficha vizuri."

Nikamwambia akae. Akakataa.

"Mwizi wako ni nani?" akauliza.

"Si yeye, Shirini."

"Najua si yeye. Waambie wao."

Nikamwendea Bwana Twalibu, nikamwomba tuchape sehemu ya pili upesi, hata ukurasa mmoja. Akasema karatasi hakuna. Kisha akafunga mlango, akashusha sauti.

"Na ikipatikana, Zuhura, mpe Mhindi. Watu wanamtaka Mhindi. Umewaonjesha, utawanyima?"

"Dalili zinamwonyesha katibu."

"Nani anasoma dalili?"

"Mimi nazisoma," Mzee Hamadi akasema kutoka kwenye sanduku lake la herufi, hakuinua kichwa. "Ukimgeuza mwizi leo, mwana'ngu, walosoma umewaibia. Wametoa akili zao wakatafuta. We' utawapa nini?"

Bwana Twalibu akamwambia afanye kazi yake. Mzee akajibu kwamba ndiyo anayoifanya.

Kesho yake nikapata mgeni mwingine. Bwana Semkiwa, mwenyekiti wa kamati ya ugawaji ya mtaa wetu, mtu mpole, Mbondei wa Muheza. Yeye na wenzake ndio waliogawa sukari na sabuni zilipofika. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia vizuri, akaulizia hali ya mama yangu. Kisha akasema, "Hadithi yako inasomwa. Jambo jema. Wananchi wanahitaji kumjua adui yao. Usiwachanganye." Akatabasamu akaondoka. Mimi niliyekuwa nikijisifu kwa kuona vitu vidogo, nilibaki nikitazama mlango, sikuona chochote.

Nilizunguka na jambo lile siku nzima. Kula sili, kupiga chapa nakosea, kadi ya harusi nikamwandika bwana harusi mahali pa baba yake. Mama akaniambia nikalale. Nilimwambia ndani ya nyumba ile kuna mzee amelala hawezi kula kwa ajili ya mtu niliyemtunga. Mama akasema, "Basi uliyemtunga kamtungue."

Nikamtungua Ijumaa, baada ya swala, mchana kweupe. Kinyozi aliyeelekeana na duka la Mzee Yusufali alikuwa na kibaraza kirefu, na Ijumaa watu hujaa pale. Nikaenda na kijitabu changu na sehemu ya pili iliyopigwa chapa, haijachapwa. Mzee Hamadi alifuatana nami, hakuniuliza kitu. Kinyozi akanipa kiti nisimame juu yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusoma mbele ya wanaume wengi kiasi kile.

Nikasema, "Jamani, karatasi haipo. Jibu nitawasomea. Ila kwanza mniambie nyinyi. Kila kitu kimo kwenye sehemu mliyokwisha kuisoma."

"Mhindi!" wakaitika, na wengine wakageuka kuutazama mlango wa Mzee Yusufali.

"Kwa dalili gani?"

"Kafunga duka!"

"Na wewe kwenu mlango hufungi?" Mzee Hamadi akauliza. Watu wakacheka kidogo, nami nikapumua.

Nikaanza kusoma tena, polepole. Nilipofika kwa mbuzi wakacheka kama siku ya kwanza. Nikaendelea. Bi Mwanjaa, muuza vitumbua, alikuwa ameketi na sinia lake chini ya dirisha. Hakujua kusoma, alikuwa amesomewa na wanawe. Akapiga kelele, "Ngoja! Rudia hapo kwa mbuzi."

Nikarudia.

"Kanzu," akasema. Akasimama. "Kanzu yake nyeupe pepepe! Sisi sote tunafua kwa mpapai, yeye kanzu nyeupe kapata wapi?"

Ikapanda sauti kama ya uwanjani. Watu wakashikana mabega, wakanyang'anyana vijitabu, "Ukurasa wa nne, ukurasa wa nne!" Kinyozi aliacha kichwa cha mtu nusu. Hiyo ndiyo raha ya kazi hii, wanangu, na mkiipata mara moja hamtaiacha: mtu mzima kugundua kwamba alionyeshwa na hakuona, na asikukasirikie. Nilisahau kwa nini nilikuwa pale. Nilicheka nao.

Kisha watu wakaanza kutazama nguo zao wenyewe. Kanzu za Ijumaa, zilizokuwa nyeupe zamani, sasa zina rangi ya chai ya maziwa, nyingine ukijani kwenye mikunjo. Wakazitazama, wakatazama za jirani. Na kicheko kikaanza kukatika, upande mmoja baada ya mwingine, macho yakielekea kwenye nguzo ya umeme.

Pale alikuwa amesimama Bwana Semkiwa. Shati lake lilikuwa jeupe. Jeupe la kuumiza macho.

Nikapaza sauti. "Jamani, shati si ushahidi! Koplo Sefu hakumkamata katibu kwa kanzu. Alimkamata sabuni ilipokutwa chini ya kitanda cha mama mkwe wake!"

Kijana mmoja akapiga kelele, "Basi twendeni kwa mama mkwe!"

Sikuwahi kuandika sentensi iliyonitoroka namna ile. Bwana Semkiwa aligeuka akaondoka, kwanza kwa mwendo wa mtu mzima, kisha kwa haraka. Vijana wakamfuata wakiimba, "Kanzu nyeupe, kanzu nyeupe!" Nilishuka kitini nikawaita. Nani angenisikia? Sehemu ya pili niliyoipiga chapa kwa uangalifu wote ule hakuna aliyetaka kuisikiliza. Walikwisha kumpata mtu wao.

Mzee Hamadi akanishika mkono tuondoke. "Mmoja katoka," akasema, "mwengine kaingia."

Nataka niseme yaliyofuata bila kupamba. Watu waliacha kugonga kwa Mzee Yusufali siku ile ile, kana kwamba hawakuwahi kugonga. Niliitwa ofisi ya serikali nikakalishwa asubuhi nzima: "Ulimkusudia nani?" Nikasema sikumkusudia mtu. Wakamwambia Bwana Twalibu vijitabu visimame, naye alikubali kabla hawajamaliza kusema. Nikarudi kwenye kadi za harusi kwa muda mrefu. Bwana Semkiwa aliondolewa kwenye kamati. Alipekuliwa, hakukutwa na kitu, na watu wakasema, basi kaficha vizuri. Watoto walimwimbia kila alipopita. Mkewe akarudi Muheza kwao.

Mzee Yusufali alipopata nguvu aliniita. Nilimkuta nyuma ya kaunta, rafu tupu, bakora mapajani. Nikamwamkia, akaniitikia. Akauliza, "Yule mwenye duka wako, kwa nini alifunga mlango?"

"Alikuwa akifunga mizigo, mzee. Anahama, na anaona haya kuaga."

Akautazama mlango wa uani. Nilikuwa sijayaona bado: masanduku mawili, yamefungwa kamba.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna mtu. Nilitunga."

"Umetunga," akasema. Hakukasirika. Akauliza kama kwenye hadithi mwisho wake yule mzee aliaga. Nikasema hapana, aliondoka kimya. Akatikisa kichwa, akasema hilo nimekosea. Walipohama, yeye alikwenda nyumba moja moja na bakora yake, Shirini nyuma yake, hadi kwenye nyumba za wale vijana waliong'oa ubao wa dirisha lake. Kwetu alikunywa chai isiyo na sukari, akaisifu.

Vijitabu vilirudi milango ya biashara ilipofunguliwa. Karatasi ikawa nyingi, lakini vibanda vya video navyo vikawa vingi, na wasomaji waliobaki hawakuwa wakibishana kama zamani. Niliandika hadi nilipostaafu. Mzee Hamadi alikwisha kufa, Mungu amrehemu, na kila mhalifu niliyemtunga baada yake niliogopa kwamba ana tundu ambalo mimi silioni.

Halafu siku moja, sokoni Mgandini, nasikia mtu ananiita: "Mwandishi!" Nikageuka. Bwana Semkiwa, mvi kichwa kizima, ameketi kwenye banda lake, sabuni za kila rangi zimepangwa kutoka chini hadi juu. Nilitaka kujifanya sikusikia.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Hujambo?"

Tukaulizana hali. Akamhudumia mteja, akanirudia. Hakuzunguka.

"Lile shati lilifuliwa kwa sabuni ya Mombasa. Shemeji yangu alikuwa bandarini kule, alikuja kwenye harusi moja ya ukoo na sabuni mbili mfukoni. Niliwaambia wote. Hakuna aliyesikia."

Alikuwa akinitazama bila chuki, kama mtu anayesubiri risiti yake.

"Wewe mwenye kujua mambo ya wezi," akasema, "unaniamini?"

Nilimtazama kama nilivyojifundisha kutazama watu maisha yangu yote. Mikono yake, macho yake, alivyovuta pumzi kabla ya kuuliza. Angeweza kuwa anasema kweli. Angeweza kuwa amelisema jambo lile mara nyingi mpaka likalainika. Koplo Sefu angejua kufikia ukurasa wa mwisho.

"Sijui, Bwana Semkiwa," nikamjibu.

Aliguna. Niliona mabega yake yakishuka, nikadhani nimemuumiza tena, nikaanza kutafuta maneno.

"Miaka yote hii," akasema, "walioniita mwizi walisema wanajua. Walionitetea nao walisema wanajua. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hujui."

Akasogeza maboksi, akavuta kigoda kutoka chini ya meza, akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Kaa," akasema. "Nikusimulie toka mwanzo."